Bendera ya Kuazima

Kwetu, avushaye gunia la kahawa usiku bila kulipa ushuru hujificha vichakani. Baharini hakuna vichaka. Huko watu walijificha chini ya bendera.

Tarehe 8 Oktoba 1856, bandarini Canton, askari wa Kichina walipanda chombo kiitwacho Arrow, wakakamata mabaharia 12, wakiwashuku uharamia. Mwenye chombo alikuwa Mchina, bali hati yake ilikuwa ya Kiingereza, ya Hong Kong, nayo ilikuwa imekwisha muda wake. Waingereza wakadai ya kuwa bendera yao imeteremshwa kwa dharau. Mimi naona hasira ile ilikuwa kisingizio tu. Vita vikafuata, na mwaka 1858 afyuni, iliyokuwa ikiingizwa kwa magendo, ikaruhusiwa kwa kulipiwa ushuru.

Na bahari yetu je? Majahazi ya Sur, katika Oman, yalipandisha bendera ya Ufaransa ili manowari za Kiingereza zisiyapekue, na mengine yalipakia watumwa. Safari hii mataifa hayo hayakupigana, bali yalikwenda The Hague. Tarehe 8 Agosti 1905 waamuzi wakakata shauri: tangu tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa watu wa Maskati bendera, ila waliokuwa chini ya himaya yake kabla ya 1863. Waliokwisha kuipata kabla ya 1892 waliachiwa, maadamu Ufaransa inawafanyia upya ruhusa. Lakini hawakuweza kumpa mtu mwingine, wala kuihamishia jahazi jingine, hata likiwa lao wenyewe.