Kadi ya Bima na Dawa za Kisukari: Usiondoke Dirishani Bila Kuuliza

(Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa kata)



Nitazungumzia jambo moja tu: mwanachama wa bima ya afya anayeishi na kisukari, na dawa anazostahili.

Mama yangu mzazi ana kisukari. Wakati fulani niligundua kuwa alikuwa akikata vidonge nusu ili dozi ya mwezi imfikishe miezi miwili. Kadi ya bima alikuwa nayo mkobani. Aliwahi kuambiwa dirishani kuwa dawa yake haipo. Akaona haya kuuliza zaidi, akarudi nyumbani, akaanza kubana alichonacho. Macho yalikwisha kufifia tulipojua.

Ndugu wananchi, kadi peke yake haitibu. Naomba tuzingatie mambo manne.

Kwanza, tarehe. Uanachama wa bima una tarehe ya mwisho. Hakiki kadi yako mapema, si siku ya kuugua.

Pili, ngazi. Anzia zahanati au kituo cha afya. Ukielekezwa hospitali ya wilaya, beba fomu ya rufaa, usije ukatakiwa kulipa kutoka mfukoni.

Tatu, swali. Bima hulipia yaliyomo katika kitita chake. Vidonge, insulini, mabomba ya sindano na vitepe vya kupimia sukari ni vitu mbalimbali. Kupata kimoja si kupata vyote. Uliza kwa kila kimoja: je, kimo katika bima yangu? Kama kimo lakini leo hakipo, nikipate wapi, na lini? Usiporidhika, mwone mganga mfawidhi. Ukibaki na shaka, ifikishie kamati ya usimamizi ya kituo; wajumbe wake ni majirani zetu, na kazi yao ni kutusemea.

Nne, utunzaji. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika nyuzi joto 2 hadi 8, wala isigande. Asiye na jokofu amweleze mhudumu, apewe maelekezo. Chungu kilichopozwa kwa maji, dawa ikiwa ndani ya mfuko usiopenya maji, ni afadhali kuliko kuiacha kwenye joto la bati. Na sindano haiazimwi, hata baina ya mume na mke.

Zaidi ya yote, tusipunguze dozi kwa uamuzi wetu wenyewe. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, siku chache bila insulini zaweza kukatisha uhai.

Vijana, wasindikizeni wazazi kliniki. Wazee wetu, ulizeni bila haya. Mama yangu sasa huuliza, na vidonge vyake huvimeza vizima.