Noeli ya Theluji na Moto wa Melita

Kusoma: Matendo ya Mitume 27:9-12 na 28:1-10



Leo nataka kusema juu ya theluji. Msicheke. Najua hapa Uvira tunalala madirisha wazi kwa sababu ya joto, na theluji tunakutana nayo katika Biblia tu, pale Benaya aliposhuka shimoni kuua simba siku ya theluji, au katika Isaya 1:18. Wenye kutoka upande wa Beni wameiona kwa mbali, juu ya Ruwenzori, asubuhi mawingu yakifunguka. Lakini nani kati yetu leo hana mtoto, shemeji au jirani wa zamani aliyepitia kambi ya Nyarugusu na sasa anaishi Marekani au Kanada? Theluji imeingia katika jamaa zetu. Inawapiga sana wakati wa Noeli na Bonane, na wakati huo huo simu zetu nazo zinawapiga.

Tufungue Matendo 27. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma. Luka anatuambia kwamba siku ya kufunga ilikuwa imekwisha kupita. Ni sikukuu ya Wayahudi ya upatanisho, ambayo huangukia mwezi wa tisa au wa kumi. Luka anatutajia sikukuu ili tujue majira: baridi inakaribia, bahari inafungwa. Wamefika mahali panapoitwa Bandari Nzuri. Paulo anawaonya wasiendelee. Lakini akida anamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Mwenye merikebu anaonya nini? Yeye ana mzigo wake, na mzigo ukichelewa, faida inapotea. Kisha upepo wa kusini ukavuma polepole, wakadhani wamefaulu. Wavuvi wetu wa hapa ziwani wanaujua udanganyifu wa upepo kama ule. Siku chache baadaye watu 276 walikuwa wanatupa shehena baharini kwa mikono yao wenyewe.

Mimi nilisoma sura hii shuleni ya Biblia, nikaandika mtihani juu yake, nikapata pointi nzuri. Lakini sikuielewa mpaka mwezi wa Desemba 2022.

Mdogo wangu anaishi Buffalo, mji wa jimbo la New York, kando ya Ziwa Erie. Sisi watu wa ziwa tutaelewa haraka. Upepo wa baridi kali unatoka mbali, unapita juu ya ziwa ambalo maji yake bado hayajaganda. Unabeba unyevu wa maji yale, na ukifika nchi kavu unauangusha wote kama theluji, mahali pamoja, kwa masaa na masaa. Mwezi wa Novemba mwaka ule, vitongoji vya kusini mwa mji vilikuwa vimekwisha kupokea theluji ya zaidi ya mita 2. Halafu ikaja Ijumaa, tarehe 23 Desemba. Wenye kupima hali ya hewa walikuwa wameonya kwa siku nyingi. Upepo ulipita kilometa 110 kwa saa. Kwenye uwanja wa ndege wa mji ule, dhoruba iliendelea zaidi ya masaa 36 bila kupumzika, na theluji iliyoanguka siku zile ilipita mita 1 na sentimeta 30. Magari ya zima moto yalikwama. Ambulansi zilikwama. Watu walipiga simu ya msaada na hakuna aliyeweza kufika. Zaidi ya watu 40 walikufa katika wilaya ile: wengine ndani ya magari, wengine njiani kwa miguu, wengine nyumbani mwao umeme ulipokatika, wengine moyo ulisimama wakikoroga theluji kwa pauro. Wiki ya Noeli, ndugu zangu.

Mimi siku ile nilikuwa wapi? Nilikuwa hapa, katika maandalizi. Tulikuwa tumeahidi wajane na watoto wa sunday school chakula cha Noeli, mchele na nyama. Mdogo wangu alikuwa ameahidi dola 200. Tarehe 22 kimya. Tarehe 23 jioni, saa mbili usiku wa hapa, ambapo kwao ilikuwa saa saba mchana, nilimtumia ujumbe wa sauti. Sitaurudia wote, nina aibu. Nilisema watoto wanangojea mchele wake. Nilisema asituaibishe mbele ya kanisa. Nilimaliza kwa mstari wa Biblia, kama vile sisi wachungaji tunavyojua kufanya.

Yeye hutuma pesa kupitia duka fulani karibu na kwao. Hajazoea kutuma kwa simu. Alivaa koti, akamwambia mke wake anarudi sasa hivi. Ni nyumba chache tu, kama kutoka hapa mpaka kwa fundi wa baiskeli. Alipofika katikati ya njia hakuona tena duka, wala nyumba yake, wala mkono wake mwenyewe. Kila kitu kilikuwa cheupe, na upepo unasukuma. Akashika uzio wa chuma wa nyumba moja, akabaki pale. Hajui ni dakika ngapi. Mzee mmoja Mzungu, ambaye kwa miaka mitatu hawakuwahi kusalimiana naye, alimwona kivuli dirishani, akafungua mlango, akamvuta ndani.

Alikaa kwa mzee yule usiku mbili. Simu yake ilikuwa imezimika kwa baridi, na umeme haukuwepo wa kuichaji. Mke wake na watoto wanne walikuwa upande wa pili, wanamlilia kama maiti. Na mimi huku Jumapili ya Noeli nilihubiri juu ya furaha kuu, na ndani ya moyo nilikuwa nimemkasirikia.

Tarehe 27 simu yangu ililia. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Yaya, unisamehe, pesa imechelewa."

Aliomba msamaha yeye. Mpaka leo vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havisikii kitu.

Sasa mtu ataniambia: Mchungaji, yule ni mtu mzima, kwa nini hakusikiliza redio ya kwao? Alisikiliza. Onyo lilikuwepo, na asubuhi ile magari yalikuwa yamekwisha kukatazwa barabarani. Lakini sikilizeni jambo hili. Ndugu yetu aliyetoka kambini, Kiingereza chake kidogo, anasikia sauti mbili. Moja ni ya serikali ya ugenini, inasema kaa nyumbani. Nyingine ni ya mkubwa wake, ya mama yake, ya mchungaji wake, kwa Kiswahili, inasema tunangoja. Atatii ipi? Sisi hatujui uzito wa sauti zetu kule. Mimi nilikuwa yule mwenye merikebu, ninauangalia mzigo wangu tu. Na ubaya ni kwamba mzigo wangu ulikuwa mzuri: chakula cha wajane.

Tuende sura ya 28, maana hapo ndipo ninapopata nguvu ya kusimama. Merikebu imevunjika, watu wote wamefika pwani ya Melita wakilowa. Mvua inanyesha, kuna baridi. Wenyeji wanawasha moto na kuwakaribisha wote. Biblia yetu ya zamani inawaita wenyeji wale washenzi, neno ambalo siku hizi halitupendezi, lakini angalia nani anafanya kazi ya Mungu katika mistari ile. Hawakuuliza nani mfungwa na nani askari. Na Paulo mtume mwenyewe anaokota kuni.

Melita ilikuwepo Buffalo pia. Watalii 9 wa Korea na dereva wao walikwama mbele ya nyumba ya mtu wasiyemjua. Walienda kuomba pauro tu, wakapewa vitanda mpaka Jumapili, wakapika pamoja chakula cha kwao na wenyeji. Kijana mmoja alikwama na gari lake, akabisha nyumba kumi, akatoa hata dola 500 alale sakafuni, zote zikamkatalia. Ndiyo, hilo pia lilikuwepo, tusipambe. Mwishowe alivunja dirisha la shule moja, akaingiza watu 24 waliokuwa wanaganda magarini, wakala chakula cha shule, na walipoondoka aliacha barua ya kuomba radhi kwa kuvunja kioo. Daudi alipokula mikate ya wonyesho, Bwana wetu hakumhukumu.

Niseme machache ya mkononi, kwa sababu wengi wenu mtapiga simu wiki hii. Ukisikia dhoruba inakuja kwao, uliza kwanza: mko na chakula cha siku nne? Dawa za mtoto zipo? Mwambie asiwashe makala ndani hata kidogo, hata umeme ukikatika. Sisi tumezoea mbabula, na ndugu zetu wa Minembwe wanajua namna baridi ya usiku inavyokushawishi uiingize chumbani. Lakini nyumba za kule zimezibwa kila upande kwa ajili ya baridi. Moshi usioonekana unaua watu wakiwa usingizini, na hauna harufu. Gari likikwama na injini inawaka, theluji ikiziba bomba la moshi, sumu ile ile inaingia ndani; lazima bomba lifunguliwe, ama injini izimwe. Na mjulishe kwamba ana ruhusa yako ya kutotoka. Tamka neno lenyewe: ninakuruhusu, kaa.

Wachungaji wenzangu mlio na makanisa ya Kiswahili kule, nawaheshimu, lakini Waebrania 10:25 haikuandikwa kumtoa mama mwenye mtoto mgongoni saa ya dhoruba. Noeli iliyofanywa jikoni na familia moja, kwa wimbo mmoja na chai, Mungu anaipokea.

Na mchele wa wajane? Mwaka ule ule, nilipowaeleza wazee wa kanisa ukweli wote, mama mmoja muuza ndagala alisimama akaleta mfuko wake, kisha mwingine, kisha wa koral. Tulikula Bonane badala ya Noeli. Nyama ilikuwa kidogo, ndagala zilikuwa nyingi. Tangu hapo tunaanza kuchanga mwezi wa saba, franga mia mia, na hatuandiki jina la mtu wa ng'ambo katika hesabu yetu. Akileta, tunamshukuru Mungu.

Desemba iliyopita nilimpigia mdogo wangu. Niliuliza juu ya unga, juu ya blanketi, juu ya yule mzee jirani. Niliuliza mambo mengi mpaka initi zikakaribia kwisha. Akacheka, akasema: "Yaya, leo huku ni jua, hakuna hata theluji kidogo. Na mzee yuko hapa, anakula ugali." Nikasikia sauti ya mtu anajaribu kusema "karibu" kwa Kiswahili, vibaya sana.

Tusimame, tuwaombee kwa majina yao.