Mana ya kila asubuhi

Masomo: Kutoka 16, 13-21, Yoshua bin Sira 38, 1-14



Waisraeli walipokuwa jangwani, Mungu aliwapa mana. Hakuwapa ghala la mwaka mzima. Kila asubuhi waliokota ya siku ile, kila mmoja kwa kipimo chake. Leo tunawaza juu ya ndugu zetu ambao uzima wao unakuja kwa namna hiyo: watoto na vijana wenye ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza. Mana yao ni insulini.

Ugonjwa huu hautoki kwa pipi, wala kwa uchawi wa jirani. Askari wa mwili wanaopigana na magonjwa wanageuka na kuharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Sukari inabaki katika damu, na mwili unakaa na njaa. Mtoto anakunywa maji bila kukata kiu, anakojoa sana, anakonda. Halafu anatapika, anapumua kwa nguvu, anazimia. Wengi wanadhani ni malaria. Ukiona dalili hizo, omba apimwe sukari siku hiyo hiyo.

Zamani waganga walikuwa na njia moja tu: kumnyima mgonjwa chakula ili aongeze siku chache. Mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata njia ya kutoa insulini katika kongosho la wanyama. Tarehe 11 Januari 1922 alichomwa sindano Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa. Dawa ilikuwa haijasafishwa vizuri. Siku 12 baadaye alichomwa dawa safi zaidi, akapata nguvu, akaishi miaka 13 mingine.

Wazee wa ugonjwa huu walichemsha sindano za kioo na kupima sukari katika mkojo. Insulini yao ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe. Tangu 1982 kuna insulini inayofanana na ya mtu, inayotengenezwa na vijidudu katika kiwanda. Leo tone la damu ya kidole linatosha kupima. Wengine wanatumia kalamu ya insulini, na katika nchi tajiri wapo wenye kifaa mkononi kinachosoma sukari usiku na mchana. Hapa kwetu wengi wana chupa na sindano. Hata kwa hizo mtu anaweza kusoma, kuoa au kuolewa, na kulea watoto, akipima na kuchoma kila siku.

Lakini sisi tunaotembelea wagonjwa tunasikia mara nyingi neno hili: mtoto ameombewa, sasa aache sindano. Ndugu, kwa mgonjwa huyu siku chache bila insulini ni kifo. Mfalme Hezekia alisali na kulia, Mungu akamsikia. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza jipu lake liwekwe tini. Bin Sira anatufundisha kwamba dawa zinatoka kwa Mungu, na kwamba mgonjwa asali, kisha ampe mganga nafasi yake. Kuchoma sindano si kukosa imani. Ni kuokota mana ya leo.

Kwa hiyo tushike mambo manne.

Moja, insulini isiachwe hata mtoto akiwa na homa au hana hamu ya bukari. Kipimo kinaweza kubadilika, na ni daktari anayekibadilisha.

Mbili, mgonjwa akitetemeka na kutoka jasho, sukari imeshuka: apewe maji ya sukari mara moja. Akiwa amezimia, msimtie kitu kinywani, apelekwe hospitali.

Tatu, umeme ukikatika msikate tamaa. Uchunguzi uliofanyika kwa joto la kambi ya Dagahaley, Kenya, na kutolewa 2021, ulionyesha kwamba insulini ilitunza nguvu yake wiki 4 katika joto la digrii 25 mpaka 37. Chupa inayotumika iwekwe ndani ya chungu cha udongo kinacholowanishwa maji, mbali na jua. Isigande kamwe.

Nne, Kanisa halimfungi mgonjwa kwa amri ya kufunga chakula. Asione haya kula.

Tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, dunia yote inakumbuka wagonjwa wa sukari. Banting na wenzake waliuza haki ya dawa yao kwa dola moja moja, ili ifike kwa wote. Lakini katika mitaa yetu kuna mama anayehesabu franka mbele ya famasi. Jumuiya yake imjue. Mwenye frigo amwekee chupa, mwenye kidogo achangie sindano. Jangwani hakuna familia iliyokosa kipimo chake, na kwetu isiwepo.

Bwana awalinde wagonjwa wetu, leo na kesho asubuhi. Amina.