Mbegu za Maboga na Mfuko wa Chama
(Maneno tuliyosema mkutanoni)



Huko Marekani na Kanada kuna vyama vya wakulima wa maboga makubwa. Mfuko wao hutunishwa kwa mnada wa mbegu. Mbegu moja tu, ya boga mashuhuri, imewahi kuuzwa bei ya ng'ombe! Fedha hizo huchangia zawadi za siku ya kupima.

Lakini boga la ushindi la mwaka 2023 lilikuwa kilo 1,247. Mwaka 2025 Uingereza likapimwa la karibu kilo 1,279. Mbegu za lile la kwanza nani atazigombania tena? Na boga moja hutoa mbegu mamia, zikishaenea bei inaporomoka, na mfuko nao.

Sisi je? Mabati ya ghala tumeyategemeza kwenye mnada wa mbegu, na msimu uliopita, jamani, vibaba vilirudi nyumbani. Basi ada kwanza, mnada uwe nyongeza. Daftari liko ofisini.