Aliyelala Njiani: Filamu ya Watu Wote na Maswali Tunayoyakwepa Kanisani

Niliombwa nizungumzie Mkristo na filamu za siku hizi. Hilo ni ziwa zima, nami nina ndoano moja: filamu ya dakika 22 iitwayo Watu Wote. Mjerumani Katja Benrath aliitengeneza Kenya kama kazi yake ya kuhitimu masomo. Ilitoka mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikawania Oscar ya filamu fupi.

Wengi wetu tulikua na filamu moja iliyoruhusiwa, ile ya Yesu ya mwaka 1979, jenereta ikinguruma nyuma ya kanisa na shuka jeupe limetundikwa ukutani. Nyingine tulizipima kwa kuhesabu. Kuna busu? Kuna matusi? Kuna damu? Kipimo hicho kina kazi yake mbele ya watoto, ila kinatuacha mikono mitupu tukikutana na filamu ambayo haichafui macho bali inachoma dhamiri.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Novemba 2014 al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga wasio Waislamu na kuua watu 28. Aprili 2015 wakaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kwa hiyo basi jingine lilipovamiwa tarehe 21 Desemba 2015 likielekea Mandera, abiria walijua kinachofuata. Safari hii Waislamu walikataa kutengwa na wenzao. Wanawake waliwapa Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Katika filamu tunaingia basini na Jua, Mkristo ambaye mumewe na mtoto wake waliuawa na watu wa msimamo mkali. Anakaa amejikunja, hataki mazoea na jirani yake Mwislamu. Sisi wahubiri tungemfanya asamehe kufikia dakika ya tano. Filamu inamwachia uchungu wake, haimsuti wala haimpambi.

Hapo ndipo inapotugusa. Luka sura ya 10 tumeihubiri mara ngapi? Na kila mara sisi ndio Msamaria: tunatoa mafuta, tunalipia nyumba ya wageni. Kwenye basi hili Mkristo ndiye aliyelala njiani, na anayesimama kumwokoa ni yule ambaye mlangoni mwetu tungemtazama mara mbili. Mwanasheria aliyemjaribu Yesu hakuthubutu hata kumtaja Msamaria kwa kabila lake. Wengi wetu tuko naye.

Nilipoionyesha kwa vijana wa usharika wetu, mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma aliuliza: "Sasa hao dada waliovaa hijabu, hawakumkana Kristo?" Vijana waliguna. Mimi nilishukuru, maana ndilo swali gumu kuliko yote. Tunawaheshimu mashahidi wa Namugongo waliochomwa mwaka 1886 badala ya kuikana imani. Martin Scorsese alilikabili jambo hilo katika Silence ya mwaka 2016: padri Mreno huko Japani anaikanyaga sanamu ya Bwana ili wengine waache kuteswa. Nionavyo mimi, aliyefunikwa na jirani hajakana kitu. Hakuulizwa imani yake akajibu uongo. Alikuwa amefichwa, kama wapelelezi walivyofichwa na Rahabu. Yule padri ni suala jingine, na sina haraka ya kumhukumu.

Nina lalamiko moja. Watengenezaji walichagua basi lililookoka. Mjane wa wale 28 akiiona anaweza kuhisi anaambiwa anyamaze, kwamba mambo yameshakuwa mema. Kwa hiyo msiichukue filamu hii kama dawa ya kutuliza. Ukiwa na mfiwa wa aina hiyo kanisani, kaa naye kwanza faragha, umweleze kilichomo, naye aamue kama atakuja.

Na ikiisha, mchungaji asirukie maikrofoni kufunga kwa sala. Projekta iko tayari. Tukimaliza kuitazama naomba taa zisiwashwe upesi, halafu kila mmoja amgeukie jirani yake na kumtajia jina la Mwislamu mmoja ambaye angemfungulia mlango usiku.