Somo la Redio: Maji Yanapogeuka Kijani

Ketini karibu na redio. Wenye madaftari wayafungue. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno moja: MWANI. Someni pamoja naye: mwa-ni.

Watu wa pwani wanalijua neno hili tangu zamani. Kwao mwani ni mmea wa baharini, na huko Unguja akina mama wengi huulima na kuuuza. Lakini mwani wa somo la leo ni mwingine. Ni mdogo sana, hata jicho haliwezi kuuona mmoja mmoja, nao hukaa katika maji ya maziwa na mabwawa. Wataalamu husema kwamba kwa asili ni aina ya bakteria, lakini kwa mazoea huitwa mwani. Ukiwa mchache, hakuna anayeujua. Ukizaliana kwa wingi, maji hugeuka kijani kama rangi ya kupaka milango, na pengine hunuka vibaya.

Sasa nisikilizeni vizuri. Miaka mingi redio imewafundisha kuchemsha maji ya kunywa. Fundisho lile ni la kweli, msiliache. Moto huua vijidudu vya kuhara na vya kipindupindu. Lakini mwani wa namna hii pengine hutoa sumu, na sumu si kidudu. Haifi kwa moto. Ukichemsha maji ya kijani, mwani hupasuka na kumwaga sumu yake ndani ya sufuria. Mvuke unapopanda, maji hupungua, sumu hubaki palepale. Kuchuja kwa kitambaa nako hakufai. Basi mama aliyechemsha maji hayo kwa uangalifu wote, akampa mtoto wake, amemnywesha sumu naye hana habari.

Jambo hili si la maziwa ya Afrika peke yake. Mwanzoni mwa Agosti 2014, katika mji wa Toledo nchini Marekani, watu wapatao laki tano waliambiwa wasinywe maji ya bomba, wala wasiyachemshe. Mji ule huchota maji yake katika Ziwa Erie, na sumu ya mwani ilikuwa imeingia. Walikaa hivyo kama siku tatu. Katika ziwa hilo, wenye mashua na watu wanaotaka kwenda kuogelea wakati wa likizo husikiliza taarifa za mwani kwanza, kama sisi tunavyosikiliza habari za mvua.

Turudi kwetu. Ninyi mnaokaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa mnaliona Ziwa Manyara kule chini. Mnawajua pia heroe, wale ndege wenye miguu mirefu na rangi ya waridi. Katika mwaka 2004 heroe wengi walikufa katika Ziwa Manyara, na katika Ziwa Momela Kubwa upande wa Arusha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichunguza maji, wakakuta mwani mwingi, nao wakashuku kwamba sumu yake ndiyo iliyoua. Ajabu yake ni hii: chakula cha heroe ni mwani. Hula mwani siku zote na kunenepa. Hata wanadamu wako wanaoula, kwani kule Chad wanawake hukusanya mwani wa namna moja, wakaukausha juani kuwa mikate. Kwa hiyo si kila mwani una sumu, na ule wenye sumu leo huenda usiwe nayo juma lijalo. Kwa macho huwezi kuutambua. Ndiyo sababu maji yoyote yaliyogeuka kijani tunayaepuka mpaka wenye vipimo wayapime.

Mwani huongezeka kwa chakula, kama mahindi yanavyopenda samadi. Mvua hukokota mavi ya ng'ombe, mbolea na udongo wa mashambani mpaka ziwani. Tukifua ukingoni, sabuni nayo huingia. Kisha jua likiwa kali na upepo ukitulia siku kadhaa, mwani hupanda juu na kutanda. Upepo ukianza, huusukuma wote upande mmoja. Hapo ndipo utakapokuta mwalo huu una uji wa kijani, na ng'ambo ya pili maji ni safi kwa kuyatazama.

Basi tuseme ndugu yako anayefanya kazi Arusha anakuja likizo mwezi wa Desemba pamoja na watoto. Wanataka kwenda Babati kupanda mtumbwi na kuwaona viboko ziwani. Au wewe mwenyewe unataka kuwapeleka Ziwa Basotu wakaone wavuvi. Sisemi kwamba maziwa hayo yana sumu leo. Nasema, kabla hamjalipa nauli, mpigie simu mtu wa kule umwulize rangi ya maji. Mkifika, nendeni ukingoni asubuhi, kabla upepo haujaanza kuyachafua maji. Chukua kijiti kirefu, ukitumbukize, ukitoe. Kikitoka na nyuzinyuzi kama nywele, huo kwa kawaida ni mwani wa namna nyingine usio na madhara makubwa. Kikitoka kimepakwa kijani kama kilichochovywa katika rangi, rudini nyuma. Usiguse kwa mkono.

Hapo kuna shida, nami naijua. Watoto wamekwisha kuvaa nguo za safari, na mwenye mtumbwi anategemea fedha ya siku ile. Atakwambia, "Sisi huogelea humu kila siku." Namhurumia, maana na yeye ana watoto. Lakini mtoto akiwa ndani ya mtumbwi hawezi kukaa bila kutia mkono majini, na mkono huo huo huutia mdomoni. Kasia nalo hurusha maji usoni. Mtu aliyepatwa na maji hayo huweza kuwashwa ngozi na macho, kutapika na kuharisha. Sumu nyingine hudhuru ini, nyingine hudhuru mishipa ya fahamu. Afadhali mpatane na mwenye mtumbwi siku nyingine, au awapeleke kwenye mwalo wa upande wenye maji safi. Siku hiyo watoto waonyesheni Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Mlima haugeuki kijani kwa sumu.

Wafugaji, ninyi ndio mnaoweza kupata hasara kubwa kuliko wote. Ng'ombe na mbwa hunywa palepale ukingoni, mahali upepo ulipokusanya mwani. Katika mwaka 2020 tembo zaidi ya 300 walikufa nchini Botswana, na serikali ya huko ilieleza kwamba sababu yake ni sumu ya mwani katika maji waliyokunywa. Ikiwa tembo huanguka, ndama atafanyaje? Wanyweshe mifugo kisimani au kwenye birika. Ukikosa, wapeleke upande usio na utando. Ukiona mnyama amekufa karibu na maji ya kijani, usimchune, usimle. Mwite afisa mifugo.

Samaki waliokutwa wanaelea wamekufa wasiokotwe. Wale waliovuliwa wakiwa hai wapasuliwe, matumbo na maini yatupwe mbali, wasafishwe kwa maji ya kisima. Na mtu aliyelowa maji hayo aoge mara moja kwa maji safi na sabuni. Akitapika, apelekwe zahanati, na mganga aambiwe mgonjwa alikuwa ziwani. Wengi husahau kusema hivyo, na mganga hadhani kama kuna sumu.

Sasa tusome. Mwalimu aandike, nanyi msome kwa sauti:

Maji ya ziwa ni ya kijani.
Mama hachoti maji hayo.
Mama anachota maji ya kisima.
Baba anachemsha maji ya kisima.
Mtumbwi hautoki leo.

Baada ya kusoma, zungumzeni katika kikundi. Je, ni bwawa au ziwa gani karibu nanyi lililowahi kugeuka kijani, na ilikuwa mwezi gani? Upepo wa hapo huvuma kuelekea wapi? Nani atampelekea habari mwenyekiti wa kijiji na afisa afya siku maji yakibadilika? Andikeni jina lake katika daftari, na namba yake ya simu.

Kwaherini. Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma juu ya kuchimba kisima.