Stola ya Padre, Mazishi ya Katekista



Ndugu wapendwa, katika Injili ya leo (Mt 23:1-12) Bwana wetu anawakemea walimu waliorefusha matamvua ya mavazi yao ili watazamwe na watu. Neno hilo latugusa kwanza sisi tunaovaa stola. Padre huivaa shingoni, ncha mbili zikining'inia mbele. Shemasi huipitisha bega la kushoto na kuifunga ubavuni kulia.

Vitambaa vya namna hiyo vimeenea. Mgeni rasmi huvishwa skafu na chipukizi, mhitimu huvaa chake juu ya joho, kina mama hujitanda mitandio arusini. Si dhambi, Kanisa halimiliki kila kitambaa kirefu. Ndani ya ibada, mambo ni mengine. Katika karne ya 4, Mtaguso wa Laodikia uliwakataza wasomaji na waimbaji kuvaa stola. (Yaelekea wanakwaya wa siku zile nao walipenda kupendeza!) Na hati Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 yawakataza walei kuvaa vazi la padre au shemasi, hata linalofanana nalo.

Nayasema haya kwa sababu ya uchungu mmoja. Hapa Maganzo, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui ulioanzishwa 1940, wapo wanaochimba kwa mikono, na kifo hakingoji ratiba ya padre. Padre yuko kigango cha mbali, katekista anazika. Kisha wafiwa hunung'unika kwamba marehemu wao amezikwa nusu, kwa kuwa hawakuona stola kaburini. Ndipo katekista naye anapopata kishawishi cha kujishonea moja.

Ndugu zangu, hakuna aliyezikwa nusu. Stola ni ishara ya daraja takatifu, haizai sala. Kanisa lenyewe limeweka njia ya mlei kuongoza mazishi, isipokuwa Misa, wakati padre na shemasi hawapo. Katekista, simama na kanzu yako, usione haya. Nanyi wafiwa, msimdharau aliyetembea na jeneza lenu juani.

Nasi mapadre mnatuchangia stola za nyuzi za dhahabu siku ya upadrisho. Asanteni sana. Lakini inayofanya kazi zaidi ni ile nyembamba ya mfukoni: upande mmoja zambarau kwa kitubio, wa pili nyeupe kwa Mpako wa Wagonjwa. Yangu imeingia madoa ya mafuta. Mkiniita usiku kwa mgonjwa, nitakuja na hiyo.